Nyuki wa Ishirini na Nne

Jumatano, saa sita na dakika kumi mchana, Caritas alikuwa ameshika meno ya juu ya mtu asiyemjua, akiyapiga msasa, simu yake ilipotetema juu ya meza ya kazi. Hakuwa na desturi ya kushika simu kazini. Katika miaka tisa tangu alipohitimu chuo cha ufundi na kuajiriwa katika maabara ile ndogo ya meno bandia huko Gihosha, mjini Bujumbura, hakuna aliyewahi kumwona akiacha jino katikati. Siku hiyo aliyalaza meno juu ya kitambaa, akavua glavu ya kulia, akasoma. Kisha akavua na ya kushoto, akasoma tena.

“Mzunguko umepatikana,” Régis alikuwa ameandika. “Watu watano. Caritas anampa Zubeda. Zubeda anampa Loïc. Loïc anampa Nella. Nella anampa Azzan. Azzan anampa Caritas.”

Azzan anampa Caritas! Alikwenda mpaka dirishani, akarudi, akaenda tena. Pierre, mwenzake wa maabara, aliyekuwa akikoroga plasta kwenye bakuli la mpira, alimfuata kwa macho.

“Kuna mutu amekufa?”

“Apana.”

“Sasa mbona unazunguka kama kuku anatafuta pa kutagia?”

“Kuna mtu amenipa kitu,” alisema Caritas, akacheka peke yake, jambo ambalo Pierre hakuwa amelishuhudia katika miaka yote tisa. Plasta ikamgandia bakulini.

Watu hao watano, pamoja na wengine kumi na wawili, walikuwa wapenzi wa michezo ya mezani. Si karata wala drafti, ambazo kila baraza la mjini linazo, bali michezo ya masanduku: ubao uliopakwa rangi, kadi, vipande vya mbao na kijitabu cha masharti chenye kurasa ishirini. Bujumbura masanduku ya namna hiyo hayapatikani kwa kuingia tu dukani. Huja ndani ya mizigo ya wanaorudi safari, moja moja, katikati ya viatu na dawa za meno. Kwa hiyo mtu akishauchoka mchezo wake hana pa kupata mwingine ila kwa mwenzake, na hapo ndipo penye tabu, kwa maana aliye na unachokitaka hataki ulicho nacho.

Dawa ya tabu hiyo ilikuwa mzunguko. Mara mbili kwa mwaka Régis, fundi wa kompyuta mwenye subira ya mwalimu wa chekechea, alikusanya orodha. Kila mmoja aliandika sanduku analolitoa na hali yake, na chini yake majina ya masanduku ambayo angekubali kupewa badala yake. Kompyuta ilichukua orodha zote, ikatafuta duara: huyu ampe yule, yule ampe mwingine, mpaka wa mwisho ampe wa kwanza. Hakuna aliyelipa, hakuna aliyebembeleza. Unayempa siye anayekupa, lakini kila mkono unaotoa unapokea.

Caritas alikuwa ametoa sanduku moja tu, Bustani ya Nyuki, na chini yake aliandika jina moja tu. Régis alimwonya: “Ukiandika jina moja, bahati yako inakuwa moja.” Alijibu kwamba anajua. Jina lenyewe lilikuwa Mnara wa Chumvi, mali ya Azzan, muuza vipuri vya magari, ambaye katika mizunguko miwili iliyopita alikataa kulitoa. Hakuna aliyejua sanduku jingine la mchezo huo mjini.

Mnara wa Chumvi haukuwa na rangi hata moja. Ulikuwa ubao wenye vishimo na vipande arobaini vya mbao tupu, vya maumbo manane: chenye ncha, chenye tundu, chenye mgongo wa mviringo, na kadhalika. Kila kipande kilikaa kishimoni kwa mlio mdogo, na hata mkono ukikipitia hakikuanguka. Huenda aliyeubuni alitaka urembo tu. Caritas, siku alipouona mara ya kwanza, aliona kitu kingine: mchezo usiohitaji macho.

Baba yake, Mzee Hyacinthe, alikuwa amepanga herufi za risasi katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na mmoja. Zamani hizo herufi zilichaguliwa moja moja kwa vidole na kusomwa kinyumenyume. Mke wake alipofariki, yeye na binti yake walibaki wawili katika nyumba yao ya Mutakura, na michezo ya mezani ikawa ndiyo mazungumzo yao. Kisha presha ya macho ikaanza kumla. Kwanza waliacha michezo ya kadi, maana maandishi yalikuwa madogo. Wakaacha ya rangi, kwa kuwa kijani na buluu vilikuwa kitu kimoja. Mwishowe hata Bustani ya Nyuki, waliyoipenda kuliko yote, ikafungwa. Miaka miwili sasa mzee alikuwa akimwambia, bila uchungu wowote sautini, “Cheza na wenzako, mwanangu. Mi nitasikiliza.”

Neno hilo, nitasikiliza, ndilo lililomfanya Caritas aandike jina moja tu. Hakumwambia baba yake ameomba sanduku gani. Alitaka Jumamosi, siku ya makabidhiano, ampakatishe sanduku tu, vidole vyake vijionee vyenyewe.

Usiku wa Jumatano alilala akitabasamu. Alhamisi asubuhi akafungua chupa ya dawa ya kuchanganyia resini ya kumiminia meno bandia, ile yenye harufu inayopanda puani kama kitunguu. Harufu ilikuwa imemrudishia jambo lililokuwa limemtoka kabisa kichwani.

Nyuki mmoja hakuwa nyuki.

Miaka mitatu kabla ya hapo, nyuki mmoja wa mbao, asiyezidi ukucha wa kidole gumba, aliangukia mtaroni siku ya mvua kubwa na kwenda na maji. Caritas hakuweza kuvumilia kuona nyuki ishirini na watatu mahali pa ishirini na wanne. Alichukua nyuki mwingine akamtengenezea kalibu, akamimina resini ileile ya meno, akampiga msasa, akampaka manjano na mistari myeusi kwa brashi yenye unywele mmoja. Alipomaliza alimchanganya na wenzake, na kesho yake yeye mwenyewe hakumjua. Kazi ikifanywa vizuri mno hujisahaulisha. Ndiyo maana katika orodha, mbele ya neno “Hali”, aliandika kwa mwandiko wake ulionyooka: “Kamili. Vipande vyote vya asili.”

Na kundi lao lilikuwa na sheria. Siku ya makabidhiano mpokeaji huhesabu vipande kwa sauti mbele ya wote. Vikifika idadi yake, husema, “Zimetimia.” Hapo mtoaji hujibu, “Ni zenyewe,” maana yake hakuna kipande cha kubandika kilichofichwa humo. Mtoaji asipojibu, au mpokeaji akikataa, duara zima hukatika, na kila mtu hurudi kwake na sanduku alilokuja nalo.

Jioni ile, baba yake akiwa uani anasikiliza redio, Caritas aliwapanga nyuki wote chini ya taa. Akawachungulia kwa lenzi ya kazini, mistari, macho, mabawa. Akawageuza, akachungulia matumbo yaliyopakwa manjano. Hakumpata. Angeweza kuwatosa majini, maana mbao huelea na resini huzama, lakini maji yangeharibu rangi ya wote. Na hata akimpata, amfanyeje? Kama yeye aliyemtengeneza hamjui, ni nani mwingine atakayemjua?

Ijumaa, mbele ya kioo cha maabara, alijaribu kuyasema maneno mawili. “Ni zenyewe.” Yakatoka vizuri, bila kutetereka. Hilo ndilo lililomtia hofu.

Jumamosi saa nane Régis aliwapitia Mutakura. Wiki hiyo alikuwa amebahatika kupata petroli, na njia nzima alilisifu gari lake kama mtu anayesifu ng’ombe. Mzee Hyacinthe, aliyevaa shati jeupe na kofia ya jua, alikaa mbele, akitaja kila mtaa walioupita kwa kusikiliza sauti zake. Alikosea mara moja tu.

Makabidhiano yalifanyika Kinindo kwa Nella, mhasibu wa shirika moja la misaada, aliyekuwa na veranda pana na meza ya pingpong isiyojua pingpong. Azzan alikuwa amekwisha fika, jasho linamtoka, Mnara wa Chumvi kwapani. Loïc, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye mdomo usio na breki, alikuwa akinusa sanduku analolitarajia kutoka kwa Zubeda.

“Ngome Saba! Mwaka muzima naiota hii kitu!”

“Toa pua yako,” Zubeda alisema. “Bado ni yangu.”

Zubeda alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, wa ukoo wa Kiomani uliouza vitenge mjini humo tangu enzi za babu yake. Alicheza na wajukuu zake wawili, Wafa na Rayan, na ilisemekana hajawahi kuwaachia washinde. Aliogopwa katika biashara kwa sababu hakupandisha sauti.

“Mzee Hyacinthe, shikamoo,” alisema.

“Marahaba, Mama Zubeda. Nasikia leo unamunyanganya mutoto wangu nyuki zake.”

“Nyuki, na asali yake.”

Wakacheka. Caritas alimketisha baba yake kwenye kiti cha kamba mwisho wa veranda, mbali na meza, akampa Fanta, akarudi mezani.

Kuhesabu kukaanza, na kila hesabu ilipokamilika veranda ilivuma. Loïc alihesabu ngome na askari kwa kasi ya mnadi, “Zimetimia!”, na Zubeda akajibu, “Ni zenyewe.” Nella akahesabu. Azzan akahesabu mabehewa ya Reli ya Kaskazini, akikosea na kuanza upya mara tatu, wenzake wakimzomea. Zimetimia! Ni zenyewe! Régis aliweka alama kwenye karatasi yake. Yakabaki masanduku mawili, la Caritas na lile atakalolipokea yeye.

Zubeda alivaa miwani. Akawatoa nyuki mmoja mmoja, akiwasimamisha kwenye mistari minne ya sita sita. Hakuharakisha. “Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Ishirini na nne.” Akahesabu maua, akahesabu mizinga, akafunga kijitabu. “Zimetimia.”

Wote wakamgeukia Caritas. Maneno mawili yalikuwa tayari ulimini, yamepigwa msasa. Aliyameza.

“Sizo zote,” alisema. “Nyuki mmoja nilimtengeneza mimi. Niliandika kwamba vyote ni vya asili, na si kweli. Nilikuwa nimesahau. Nimekumbuka Alhamisi.”

Kalamu ya Régis iliinuka kwenye karatasi.

“Yupi?” aliuliza Régis.

“Sijui. Nimemtafuta, sikumpata.”

“Yoo!” Loïc alishika kichwa. “Sasa kwa nini umesema? Hata weye haumujui! Mungu mwenyewe alikuwa ataangalia mara mbili!”

“Nyamaza, Loïc,” alisema Nella, lakini macho yake yalikuwa kwenye sanduku alilokwisha lihesabu, ambalo huenda lisingekuwa lake.

Zubeda alirudi kwa nyuki. Alimwinua nyuki mmoja kwenye mwanga, akamrudisha, akamwinua mwingine. “Mi macho yangu imezoea kitambaa cha kuigiza,” alisema mwishowe. “Hapa sioni kitu. Lakini wajukuu wangu wakikamata, watasema bibi alipigwa. Régis, sheria inasemaje?”

“Mpokeaji ana haki ya kukataa.”

“Nipeni mutu wa kupima. Akimupata huyo nyuki, sichukui. Asipomupata, basi hakuna atakayemupata, nachukua.”

“Mzee!” alipiga kelele Loïc kabla hajafikiri. “Mzee Hyacinthe! Iko na vidole vya kiwanda cha chapa!”

Caritas aligeuka kumtazama baba yake. Katika watu wote wa Bujumbura! Alifungua mdomo kupinga, akaufunga. Angepinga vipi bila kueleza kwamba mpimaji akipatia, ndiye atakayeukosa Mnara wa Chumvi? Azzan, aliyekuwa anajua sanduku lake linakwenda kwa nani na kwa nini, alianza kukohoa pasipo kikohozi.

Mzee aliletwa mezani. Aliposikia kuna kazi ya vidole, mgongo wake ulinyooka. “Nyuki ngapi?”

“Ishirini na wanne, Papa. Mmoja si wa mbao.”

“Musinisaidie. Na mutu asipumue karibu na mi.”

Régis akauliza watajuaje kwamba mzee amepatia. Caritas alieleza, kwa sauti ndogo, habari ya mbao na resini. Nella akakimbia jikoni, akarudi na bilauri ya maji.

Mzee Hyacinthe alianza mstari wa kwanza. Hakumbana nyuki, alimwacha apite tu kati ya kidole gumba na cha shahada, robo mzunguko, akamweka. Wa pili. Wa tatu. Mstari wa pili ukapita, na Caritas akajikuta anaomba mambo mawili yanayopigana: baba yake asimwone nyuki, na baba yake asishindwe mbele ya watu. Mstari wa tatu. Kwenye wa nne katika mstari huo vidole vilisita. Vikarudi. Vikaenda mbele, vikarudi tena, na tabasamu dogo likapenya kwenye ndevu zake nyeupe.

“Huyu.”

“Mzee, bado kuna sita na ngapi,” Loïc alinong’ona. “Maliza kwanza.”

“Ya nini? Nimeshamukamata. Mutupe mu maji.”

Régis alimshika nyuki kwa mabawa juu ya bilauri. Wale watano waliinama kama wanaochungulia kisima. Akamwachia.

Nyuki alizama moja kwa moja mpaka chini, tik, akatulia.

Veranda ililipuka. Loïc alipiga meza, Nella alipiga vigelegele, Azzan alimkumbatia mzee na kofia yake ikaanguka. Hata Régis, ambaye furaha yake kubwa kwa kawaida ni kuguna, alirusha karatasi juu. “Mzee! Mzee! Mzee!” Caritas mwenyewe alikuwa amepiga makofi mara tatu, uso umemwaka kwa fahari, kabla mikono yake haijakumbuka. Mmoja mmoja wakakumbuka wote kwamba duara limekatika. Kelele zikanywea kama sufuria iliyoondolewa motoni.

Mzee aligeuza kichwa huku na huku. “Nimekosea?”

“Apana, Papa. Umepatia.”

“Sasa mbona munanyamaza kama muko kwenye kilio?”

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumweleza. Zubeda ndiye aliyesema, na hakugusia duara wala masanduku. “Mzee, umejuaje? Mi nimemushika huyohuyo, sikuona kitu.”

“Unatazama juu, Mama Zubeda. Juu ziko sawa.” Mzee alipapasa mezani, akamchukua nyuki wa mbao, akamlaza chali. “Hizi zingine zote, huku tumboni iko makwaruzo ya msumeno. Ni mashine inakata, inapaka rangi, inatupa. Nani atapiga msasa tumbo ya nyuki? Hakuna mutu atatazama. Lakini ile moja iko laini chini kama iko laini juu.” Alicheka kidogo. “Mi najua mutu mumoja tu mu hii muji anasafisha mahali hakuna mutu anaona. Siku moja nilimuuliza, mwanangu, kwa nini unapiga msasa mpaka nyuma ya jino? Akaniambia: Papa, jicho halifiki huko, lakini ulimi unafika.”

Caritas alitazama sakafu. Kweli alikuwa amesema hivyo, mwaka wake wa kwanza kazini. Ni neno alilofundishwa chuoni, naye alikuwa akilifuata kila siku bila kulifikiri, hata kwa tumbo la mdudu. Alhamisi usiku aliwatazama nyuki wote kwa lenzi. Hakuwa amewagusa kwa nia ya kuwagusa.

Zubeda alimtoa nyuki majini, akamfuta kwa pindo la mtandio. Akamkwaruza tumboni kwa ukucha, taratibu. Akachukua wa mbao, akamkwaruza naye. Krr, ukasema ukucha. Akarudi kwa wa kwanza, na ukucha haukusema kitu.

“Wallahi,” alisema.

Alivua miwani, akamtazama Caritas kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza kutazamwa.

“Mi vitenge sipimagi mbele. Mbele kila mutu anapamba. Nageuza, nasoma nyuma. Miaka arubaini nasoma nyuma, na leo nyuki ndiyo amenipita.” Akawageukia wengine. “Nilisema mzee akimupata, sichukui. Nilifikiri atamupata kwa ubaya wake. Hakuna mutu alinifundisha kwamba kitu cha kubandika kinaweza kukamatwa kwa uzuri. Régis, andika. Nimechukua.”

“Umesema mbele ya watu, Mama Zubeda,” Régis alisema, kwa kuwa sheria ni sheria. “Neno la kwanza lilikuwa kukataa.”

“Haki ya kukataa ni ya nani?”

“Yako.”

“Basi naikalia, sikatai. Lakini iko na sharti. Kwenye kifuniko aandike kwa mukono wake: nyuki mumoja alitengenezwa na Caritas, Mutakura. Wajukuu wangu watafute wenyewe ni yupi. Hiyo itawakalisha kimya mwezi muzima.”

Loïc aliruka, akapiga kichwa kwenye taa ya dari, akaruka tena. Caritas alipewa kalamu. Mwandiko wake ulionyooka ulipinda mara hiyo moja tu.

Kisha wakafanya kile ambacho wote walikuwa wamekingoja tangu Jumatano. Watano wakasimama kuizunguka meza kwa mpangilio wa duara lenyewe, kila mmoja na sanduku lake mikononi, Caritas akiwa na Zubeda kuliani na Azzan kushotoni. Régis alihesabu kwa Kirundi, “Rimwe, kabiri, gatatu!” na masanduku matano yakahama kwa pamoja, mkono wa kulia unatoa, wa kushoto unapokea, na kwa kitambo kidogo hakuna aliyekuwa na kitu na kila mtu alikuwa nacho. Mnara wa Chumvi ukatua kifuani kwa Caritas. Ulikuwa mzito kuliko alivyoukumbuka.

“Bado haujahesabiwa,” Azzan alimkumbusha, akijifanya mkali.

“Ninajua.”

Alikwenda mpaka kwenye kiti cha kamba, ambako baba yake alikuwa amerudi na Fanta yake, akamwekea sanduku mapajani.

“Papa, hesabu.”

“Mi? Anayehesabu si ni mwenye kupewa?”

“Ndiyo, Papa.”

Mzee aliiweka Fanta chini. Mikono yake ilizunguka pembe nne za sanduku, ikapata ukingo wa kifuniko, ikakiinua. Kidole kimoja kiliingia, kikagusa chenye ncha. Kikagusa chenye tundu. Kikatoka. Kikaingia tena, mara hii na wenzake wote. Akapapasa ubao, akatia kipande kishimoni, kikalia. Akakisukuma kwa upande wa kiganja, hakikuanguka. Akakisukuma tena kwa nguvu zaidi.

“Haitikisiki,” alisema.

“Haitikisiki, Papa.”

“Na rangi?”

“Haina rangi hata moja.”

Mzee alipenga kamasi kwa kitambaa chake cha mfukoni, akakikunja mara nne kama kawaida yake, akakirudisha. Ndipo akaanza. Kwa vipande vya kwanza alikwenda polepole, kisha kitu cha zamani kikaamka mabegani mwake. Vidole vikachagua na kupanga umbo kwa umbo, vitano vitano, safu zilizonyooka kama mistari ya gazeti, na midomo ikihesabu kwa sauti. Hakuna aliyeondoka. Loïc alikuwa na Ngome Saba mikononi na hakuwa ameifungua.

“Thelathini na nane. Thelathini na tisa.” Kipande cha mwisho alikizungusha, robo mzunguko, akakiweka mahali pake. “Arubaini. Zimetimia.”

“Ni zenyewe, mzee,” Azzan alijibu.

“Bon, basi.” Mzee Hyacinthe aliuvuta ubao karibu na magoti. “Nisomee masharti, lakini haraka. Kisha leta kiti, ukae hapa mbele yangu. Mama Zubeda asiende, nataka shahidi.”

“Shahidi wa nini, mzee?”

“Huyu mutoto ametembea miaka miwili hapa mujini hajafungwa mchezo na mi hata mara moja,” alisema, vidole vyake vikiwa vimekwisha tangulia kutafuta kipande cha kwanza. “Leo anafungwa.”